Mwendo wa Ndama

Katika nchi ya wafugaji iko sheria moja isiyoandikwa, nayo yajulikana na kila mtoto aliyepata kuchunga: kundi huenda kwa mwendo wa ndama. Fahali aweza kwenda upesi, na mchungaji mwenyewe aweza kwenda upesi zaidi. Lakini mchungaji awakimbizaye wote kwa nguvu za fahali, jioni hufika zizini na fahali peke yake. Kwa hiyo mwenye akili humtazama kwanza aliye mnyonge kuliko wote, na mwendo wake huyo ndio unaowekwa kuwa mwendo wa kundi zima. Yakobo, aliyekuwa mchungaji, alilijua neno hili. Esau alipomjia pamoja na watu mia nne akamtaka wafuatane, Yakobo alikataa kwa upole, kwa ajili ya watoto wake na wanyama wenye kunyonyesha. Akamwacha ndugu yake atangulie na watu wake wenye nguvu, naye akaja nyuma polepole.

Iko na sheria ya pili, nayo ni ya njia nyembamba. Watu wawili wakikutana pasipo nafasi ya kupita wote, asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo, na kijana humpisha mzee. Mwenye nguvu ndiye akaaye kando, kwa kuwa yeye akikaa kando hapotewi na kitu.

Sasa nendeni mkasimame saa ya jioni kando ya barabara katika mji wo wote, Tarime au Musoma, Mwanza au Dar es Salaam, mkatazame nani ampisha nani. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni asimama ukingoni, angoja. Watoto watokao shule wasimama, wangoja, kisha wavuka mbio kwa hofu. Mzee mwenye fimbo ashuka mtaroni. Nao wote hao wampisha mtu aliyeketi, ambaye hana mzigo kichwani, wala miguu yake haiumi, wala jua halimpigi. Sheria ya njia nyembamba imegeuzwa juu chini. Tena imegeuzwa pasipo baraza la wazee kukutana, wala mtu ye yote kuulizwa kama akubali. Basi swali tutakalolitafakari mwezi huu ni hili: katika makao ya watu, je, ni haki mwenda kwa miguu ampishe mwenye mbio, au yampasa mwenye mbio kuufuata mwendo wa mnyonge?

Pengine msomaji wa Nyanungu atasema, "Hayo ni mambo ya miji. Sisi jirani yetu ni mbuga ya Serengeti; tembo waingiao mashambani hutusumbua kuliko motakaa." Neno hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwa sababu tatu. Ya kwanza, watoto wetu hawakai hapa. Wakimaliza shule huenda Tarime, na Sirari penye mpaka, na Mwanza, na wengine hata Dar es Salaam, na huko huishi kwa miguu yao, maana mgeni asiye na fedha hana chombo kingine. Ya pili, barabara nazo zaja kwetu. Njia itokayo Tarime kupita Nyamongo mpaka Mugumu imekuwa ikitengenezwa kwa lami kipande kwa kipande, na lami ikifika mahali, mwendo wa vyombo huongezeka siku ile ile, bali akili ya kuvuka haiji kwa siku moja. Ya tatu, mji hauzaliwi mkubwa. Mji huzaliwa penye njia panda, pakiwa na maduka matatu, mashine ya kusaga, na kijiwe cha bodaboda chini ya mti. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1948, wenyeji wa Dar es Salaam hawakufika 70,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walizidi 5,300,000. Mitaa iliyopimwa vibaya mji ukiwa mdogo, leo kuirekebisha ni kazi ya kubomoa nyumba za watu. Samaki mkunje angali mbichi.

Na tuutazame kwanza uzito wa jambo hili. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu ya kuwa watu kama 1,190,000 hufa barabarani duniani kwa mwaka mmoja, na ya kuwa kwa watu wenye umri wa miaka 5 hata 29 hakuna kitu kinachowaua wengi kuliko hicho. Zaidi ya nusu ya hao wafao hawakuwamo ndani ya motakaa. Walikuwa wakienda kwa miguu, au kwa baisikeli, au kwa pikipiki. Tena katika motakaa 100 za dunia, Afrika ina kama 3 tu. Walakini karibu mtu mmoja katika kila watano wafao barabarani, hufa Afrika.

Hesabu hizo zaonyesha dhuluma yenyewe ilivyo. Mtu akipanda mti mrefu kutafuta asali, hatari ni yake na asali ni yake, wala hatuna neno naye ila kumwombea ashuke salama. Lakini hapa asali yaliwa na mmoja, na aangukaye ni mwingine. Apataye faida ya kufika upesi ni aliye ndani ya chombo. Ailipiaye faida hiyo kwa hofu ya kila siku, na mara nyingine kwa uhai, ni aliye nje, ambaye hakuulizwa wala hakupata fungu lo lote. Mambo kama hayo yakitendeka shambani au malishoni, wazee wangeitana siku hiyo hiyo. Yakitendeka barabarani, twasema ni ajali, kana kwamba ni mvua ya mawe.

Wako wasemao: "Kosa ni la madereva. Waache pombe, waache kiburi, waogope sheria, nayo mambo yatatengenea." Na sisi tunaofundisha twapenda sana jibu hili, kwa sababu latuachia kazi tuliyoizoea, yaani kuonya. Hakika walevi waonywe, na wenye kiburi waonywe. Lakini na tupime jambo moja kwa hesabu, tuone kama kuonya kwatosha.

Chombo kiendacho kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo unaoruhusiwa na sheria ya Tanzania penye makao ya watu, hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Kiendacho kilomita 30 hukata mita 8 na kidogo. Dereva aliye macho, asiye mlevi, ahitaji kama sekunde moja tangu kuiona hatari hata kukanyaga breki. Basi na atokee mtoto ghafula, akifuata mpira wake, mita 13 mbele ya chombo. Dereva wa kilomita 30 atakuwa amekwenda mita 8 kabla ya kukanyaga breki, na zile 5 zilizobaki zamtosha kusimama, kama barabara ni kavu na breki ni nzima. Mtoto atalia, dereva atatetemeka, na wote wawili watalala kwao usiku ule. Dereva wa kilomita 50 atakuwa amefika alipo mtoto kabla breki zake hazijaanza kufanya kazi. Atampiga kwa mwendo wake wote.

Angalieni sana, ndugu. Madereva hao wawili walikuwa sawa kwa wema. Wote wawili walikuwa macho, wote wawili walishika sheria, wote wawili walikanyaga breki kwa wakati ule ule. Tofauti ya uhai na mauti haikuwa mioyoni mwao. Ilikuwa katika mwendo walioruhusiwa, na katika barabara iliyotengenezwa iwaelekeze kwenda mwendo huo. Tungaliwahubiri wakawa watakatifu, bado mmoja wao angaliua mtoto. Ndiyo sababu kuonya peke yake hakutoshi. Mtu mwema naye hukosea, na mtoto ni mtoto. Mji ulio wa haki ni ule uliotengenezwa hivi kwamba kosa dogo la mtu mwema, au mchezo wa mtoto, lisilipwe kwa mauti.

Torati ina amri moja juu ya ng'ombe apigaye watu pembe, nayo yaeleweka upesi katika nchi ya ng'ombe kama hii yetu. Ng'ombe akiua mtu ambaye hakujulikana zamani kuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama mwenyewe alikwisha kuambiwa ya kuwa ng'ombe wake hupiga, naye asimzuie, damu ile iko juu yake. Basi barabara ipitayo mbele ya shule, ambayo kila mtu ajua ya kuwa watoto huumizwa hapo, ni kama ng'ombe huyo aliyekwisha kujulikana. Mara ya kwanza twaweza kusema ni ajali. Mara ya tatu na ya nne swali lageuka, halimwulizi dereva tu. Laiuliza serikali ya kijiji, na halmashauri, na mhandisi, na kila mwenye sauti mkutanoni: Mliambiwa; mbona hamkumfunga?

Na kufunga kwawezekana. Katika Dar es Salaam shirika liitwalo Amend liliendesha mpango wa kuzitafuta shule ambazo watoto wake huumizwa zaidi barabarani, kisha kutengeneza mahali pale: njia ya miguu kando ya barabara, matuta ya kupunguza mwendo, kivuko chenye mistari, alama za kuonya, na penye haja hata lango la shule kuhamishwa lisifunguke barabarani. Walipozilinganisha shule zilizotengenezwa hivyo na zile ambazo bado, waliona ya kuwa watoto walioumizwa walipungua kwa sehemu kama 26 katika kila 100. Mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kwanza ya WRI Ross, itolewayo kwa kazi zinazoibadili miji. Vifaa vyenyewe si vya ajabu: ni saruji, rangi, mawe, na mtu aliyekwenda kuwauliza watoto wapitapo.

Wengine wasema kwamba miji yenye utulivu ni ya Wazungu, waliozaliwa nayo. Sivyo. Watu wa Uholanzi, wasifiwao leo kwa baisikeli zao, baada ya vita kuu ya pili walijaza motakaa katika miji yao kama wengine, wakabomoa na kupanua. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara za nchi ile ndogo, na miongoni mwao watoto zaidi ya 400. Hapo wazazi walichoka kuzika. Wakatoka pamoja na watoto wao, wakakaa katikati ya njia, wakapiga kelele ya kwamba mauaji ya watoto yakome. Serikali na miji wakaanza kubadili mitaa, mmoja baada ya mwingine, kazi ya miaka mingi. Na leo hesabu ya wafao kwa mwaka haifiki robo ya ile ya zamani. Katika mji wa Oslo, ulio mji mkuu wa Norwei, mwaka 2019 ulipita mzima pasipo kufa mwenda kwa miguu hata mmoja, wala mpanda baisikeli hata mmoja. Mawaziri wa nchi nyingi walipokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020, waliafikiana ya kuwa mahali ambapo watu wa miguu na vyombo huchanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Watu hao hawana mioyo mizuri kuliko sisi. Waliukubali tu mwendo wa ndama.

Sasa na tumsikie yule apingaye kwa haki. Asema: "Ninyi mwazungumza kana kwamba motakaa ni adui. Mwanamke wa Nyanungu akishikwa na uchungu usiku, ni nini kitakachompeleka hospitali? Mahindi yatafikaje sokoni? Na yule kijana wa bodaboda, asiye na shamba wala ng'ombe, mwataka ale nini?" Maneno haya ni ya kweli, na asiyeyajali hajakaa mbali na hospitali. Pikipiki iliyofika kwa wakati imewaokoa akina mama wengi, nayo imewapa vijana wengi riziki. Tena vijana hao wenyewe wamo katika hesabu ya wafao. Wao nao ni wanyonge wa barabara, ingawa mara nyingine twawataja kama kwamba ni maadui.

Lakini tukitenganisha mambo mawili, pingamizi hilo halina nguvu tena. Liko jambo la kwenda mbali, kutoka mji hata mji, na liko jambo la kupita kati ya nyumba za watu. Mkuki ni chombo chema porini, wala hatuuchukii. Lakini hakuna mtu mwenye akili auchezeshaye ndani ya nyumba penye watoto. Na hasara ya kupunguza mwendo kati ya nyumba ni ndogo kuliko tudhanivyo. Kijiji kikiwa na urefu wa kilomita moja kando ya barabara, chombo cha kilomita 50 kwa saa hukipita kwa sekunde 72. Cha kilomita 30 hukipita kwa sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48. Safari ipitayo vijiji vitano kama hivyo itachelewa dakika nne. Hiyo ndiyo bei inayoombwa kwa mwenye haraka. Mwanamke mwenye uchungu hatapotea kwa dakika hizo nne, naye kesho atakuwa na mtoto atakayeivuka barabara ile ile.

Liko neno jingine, gumu kidogo. Mtu akiona ya kuwa kutembea ni hatari, hutamani kununua chombo chake mwenyewe, apate kuwa salama ndani yake. Hatumlaumu. Lakini kila anunuaye motakaa kwa kuiogopa barabara, aiongeza hofu ya yule abakiye chini, naye huyo akipata fedha atafanya vivyo hivyo, hata barabara zijae, wote wasimame, na aliye maskini asiwe na mahali pa kupita kabisa. Usalama utafutwao na kila mtu peke yake wageuka kuwa hatari ya wote. Katika Nairobi uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila safari 100 za watu wa mji ule, karibu 40 zilikuwa za miguu, na nyingine kama 40 za matatu. Za motakaa za watu binafsi hazikufika 15. Walakini mtu akizitazama barabara kubwa zilizojengwa huko, angedhani ya kuwa mji wote wamiliki motakaa. Wachache walitengenezewa njia, na wengi wakaachiwa ukingo.

Dawa ya tamaa hiyo ni chombo cha shirika. Mwezi wa Mei 2016 mabasi yaendayo haraka, yaitwayo na watu mwendokasi, yalianza kazi katika Dar es Salaam, katika njia yake yenyewe ya karibu kilomita 21, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Kariakoo na Morocco. Kando yake zilitengenezwa njia za miguu na za baisikeli. Basi moja refu la mita 18 laweza kuchukua watu zaidi ya 100. Watu hao wakipanda motakaa zao, wawili wawili, wangalijaza mtaa mzima. Kwa kazi ile mji wa Dar es Salaam ulipewa tuzo ya usafiri bora kwa mwaka 2018, ukawa mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Haikuwa kazi isiyo na taabu: mafuriko ya bonde la Msimbazi yaliingia mara kwa mara katika karakana ya Jangwani, na watu walilalamika kwa msongamano na kungoja kwingi. Lakini taabu hizo zatufundisha jambo lile lile. Kitu cha shirika chataka kutunzwa kuliko kitu cha mtu mmoja, maana kikiharibika, mwenye fedha atapata njia nyingine, na asiye nazo atarudi ukingoni.

Wala mji wa miguu si jambo geni katika nchi zetu. Waswahili waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walipima vichochoro vyao kwa mtu na kwa punda mwenye mizigo. Kuta ndefu hutia kivuli njiani, na mabaraza ya mawe mbele ya nyumba humpa mpita njia mahali pa kuketi na kusalimu. Mji Mkongwe uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Wageni huvuka bahari kuja kutembea katika vichochoro hivyo, na sisi twavihesabu kuwa mambo ya kale, kisha twaijenga mitaa mipya isiyo na kivuli wala mahali pa kusalimiana.

Kivuli nacho ni jambo la haki. Aliye ndani ya motakaa hana haja ya mti. Mwenda kwa miguu saa saba mchana ana haja nao sana. Ndiyo maana barabara inapopanuliwa, mti ndio wa kwanza kukatwa, kwa sababu aamuaye hapiti chini yake. Kadhalika na viwanja vya wazi. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mahali ambapo watu wasio na bustani zao wenyewe hupumzika Jumapili pamoja na watoto. Mwalimu Wangari Maathai alikataa. Alitukanwa, akaitwa mwanamke mkaidi, lakini aliandika barua na kuuliza hata nje ya nchi, na mwisho jumba lile halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wengi walishangaa, miti na amani vyahusianaje. Lakini mwenye kulinda mahali pa kupumzika pa wasio na mahali, amezuia ugomvi kabla haujazaliwa.

Basi tumefika wapi? Twasema ya kuwa motakaa si dhambi, wala haraka si dhambi. Ila mwenye nguvu akipita kati ya wanyonge, mwendo ni wao, wala si wake. Na kwa kuwa moyo wa mtu mmoja mmoja hautoshi kuilinda haki hiyo, yatupasa kuiandika katika ardhi yenyewe, kwa tuta na kwa njia ya miguu, kwa mti na kwa kivuko, ili aliye mwema asaidiwe, na aliye mkaidi azuiwe.

Nasi tulio vijijini tunayo nafasi ambayo watu wa miji mikubwa wameipoteza: nchi bado haijajengwa. Shauri la kupima viwanja litakapoletwa katika mkutano mkuu wa kijiji, au wakala wa barabara TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, atakapokuja kutengeneza njia, msinyamaze kwa kudhani ya kuwa mambo hayo ni ya wahandisi peke yao. Mhandisi ajua saruji na maji yapitavyo. Hajui kisima kiko upande gani, wala njia gani watoto huifuata wakichelewa shule. Ombeni gulio lisiwekwe ukingoni mwa barabara kuu. Ombeni nafasi ya miguu iachwe pande zote mbili kabla maduka hayajaimeza. Pandeni miembe au miti mingine ya kivuli sasa, mbali kidogo na lami na mbali na vivuko, isije ikamficha mtoto, ili siku barabara itakapojaa, kivuli kiwe kimekwisha kukua. Na ninyi walimu wa vijiji, ambao sauti zenu husikilizwa, siku hiyo msiulize kwanza vyombo vingapi vitapita, wala vitafika Tarime kwa saa ngapi. Simameni mkaulize swali la mchungaji: yule mtoto aliye mdogo kuliko wote, aendaye shule peke yake, atapita wapi?